Makazi, Maradhi na Baraza la Madiwani

Kila mwaka halmashauri za miji nchini Tanzania hutenga fedha za dawa, vifaa tiba na ukarabati wa zahanati, na madiwani huyahoji mafungu hayo kwa uchungu unaostahili. Katika kikao hichohicho hupitishwa, mara nyingi bila mjadala mrefu, taarifa za michoro ya mipango miji, upimaji wa viwanja, mifereji ya maji ya mvua na sheria ndogo za majengo. Kwa jicho la daktari, mambo haya ya pili ndiyo yanayoamua ni wagonjwa wangapi watafika katika zahanati iliyokarabatiwa kwa fedha za yale ya kwanza.

Makala haya yanaeleza namna makazi yanavyozalisha maradhi, na namna ambavyo mtumishi wa afya, au mwananchi yeyote, anaweza kumwelimisha mwakilishi wake juu ya ukosefu wa makazi na uhaba wa nyumba za gharama nafuu. Dar es Salaam imechukuliwa kuwa mfano mkuu, ingawa msomaji wa Mwanza, Mbeya au Mombasa ataitambua hali ya kwake.

Nani hana makazi?

Neno hili huleta akilini sura ya mtu anayelala barazani mwa duka au chini ya daraja. Huyo ni mmoja tu kati ya wengi. Wapo pia wanaohifadhiwa kwa jamaa, ambao hulala sebuleni baada ya wenye nyumba kumaliza kutazama televisheni na huamka kabla yao. Wapo wanaoishi katika nyumba ambayo mafuriko au notisi ya kubomolewa vinaweza kuiondoa wakati wowote. Ukarimu wa ukoo umetusaidia sana, lakini pia umeficha ukubwa wa tatizo, kwa kuwa mtu aliyelala sebuleni kwa mjomba haonekani na yeyote anayehesabu wasio na makazi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi hupima ubora wa makazi kwa vigezo vitano: maji salama, choo kinachofaa, nafasi ya kutosha, uimara wa jengo, na uhakika wa kutofukuzwa. Kuhusu nafasi, watu zaidi ya watatu katika chumba kimoja huhesabiwa kuwa msongamano. Tuitazame nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma penye jiko na choo. Umbo lake ni zuri, maana ukumbi na uwani hupitisha hewa. Tatizo huanza pale kila chumba kinapopangishwa kwa familia nzima, ukumbi ukajazwa majiko na ndoo, na choo kimoja kikatumiwa na watu ishirini.

Kipimo cha unafuu nacho kinaeleweka kwa urahisi. Inashauriwa kwamba gharama za makazi zisizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Tuchukue mfano wa kaya yenye kipato cha shilingi 300,000 kwa mwezi. Kodi isiyoiumiza ni shilingi 90,000. Hata ikikipata chumba cha bei hiyo, mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi katika miji yetu, kaya hiyo inatakiwa kutoa shilingi 540,000 siku moja, mbali na malipo ya dalali. Asiyekuwa na akiba hiyo anabaki na mambo matatu ya kuchagua: kukopa, kuhamia bondeni, au kubanana na wengine.

Njia ambazo nyumba hupitisha maradhi

Njia ya kwanza ni hewa. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Bakteria wa ugonjwa huu huelea hewani mgonjwa anapokohoa, na hatari ya kuambukizwa hutegemea muda ambao mtu anaivuta hewa hiyo na kiasi ambacho hewa safi inaingia kuipunguza makali. Chumba cha watu sita, chenye dirisha dogo linalofungwa usiku kwa hofu ya wezi na mbu, kinatimiza masharti yote ya maambukizi. Mgonjwa anaweza kupewa dawa kwa miezi sita na kupona kabisa, huku wadogo zake wawili wakiwa wamekwisha kuambukizwa katika chumba kilekile. Msongamano huohuo husambaza vijidudu vya streptokoka vinavyosababisha maumivu ya koo kwa watoto. Maambukizi hayo yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na baadaye kuharibu vali za moyo. Mtoto aliyeambukizwa koo katika chumba kilichojaa huja kuhitaji upasuaji wa moyo ambao gharama yake ingejenga vyumba kadhaa.

Njia ya pili ni sakafu na choo. Nchini Meksiko, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mwaka 2000 kuwawekea wananchi maskini sakafu ya saruji mahali pa sakafu ya udongo. Watafiti walizilinganisha kaya za mji wa Torreón na zile za miji jirani ambayo mpango huo haukuwa umeifikia. Katika uchambuzi wao uliochapishwa mwaka 2009, walikadiria kwamba kubadili sakafu yote ya udongo kuwa ya saruji kulipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walionyesha dalili chache zaidi za sonona. Hakuna dawa ya minyoo inayotoa matokeo hayo yote kwa pamoja na yakadumu, kwa sababu mtoto anayemeza dawa na kurudi kutambaa kwenye udongo uleule huambukizwa upya. Kwa upande wa choo na maji, somo letu wenyewe halijasahaulika: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliendelea kwa miaka kadhaa na kuenea katika mikoa mingi.

Njia ya tatu ni uwazi kati ya ukuta na paa. Mbu aenezaye malaria hupenda kuingia ndani usiku, na uwazi huo ndio mlango wake mkuu. Jaribio lililofanyika Gambia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba kuweka nyavu kwenye milango na madirisha na kuziba uwazi wa juu, au kuweka dari ya wavu peke yake, kulipunguza kwa takribani nusu idadi ya mbu walioingia ndani, na watoto wa nyumba hizo walikuwa na upungufu wa damu kwa kiwango kidogo zaidi.

Njia ya nne haionekani kwa darubini. Mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa katika nyumba ileile hulala kwa mashaka, huhamisha watoto shule, na hupoteza kadi ya kliniki. Shinikizo la juu la damu, kisukari na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ni maradhi yanayodhibitiwa kwa mazoea ya kila siku, na mazoea huhitaji mahali pa kudumu. Insulini inahitaji pahali pa ubaridi, hata kama ni ndani ya mtungi wa udongo. Anayelala kibarazani hana mtungi.

Mgonjwa asiye na pa kurudi

Madaktari wa wodi za magonjwa ya ndani wanamjua mgonjwa ambaye amepona lakini hawezi kuruhusiwa. Kidonda kimeanza kukauka, homa imeshuka, karatasi ya ruhusa imeandikwa, lakini hana anwani wala ndugu anayejulikana. Afisa ustawi wa jamii hupiga simu huku na huko. Mwisho wake huwa mmoja kati ya miwili. Mgonjwa anaendelea kukikalia kitanda anachokihitaji mwingine, au anatoka na mfuko wa dawa, na baada ya majuma machache anarudi na kidonda kilichooza. Dawa zake huenda zililowa mvua, ziliibwa, au zilichukuliwa pamoja na virago vyake siku ya operesheni ya mgambo.

Kwa miaka mingi jawabu letu kwa watu hawa limekuwa la kipolisi. Nchi nyingi za Afrika zilirithi kutoka utawala wa kikoloni sheria zinazoufanya uzururaji kuwa kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ni mojawapo. Mwezi Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hoja ya kitabibu inaelekea hukohuko. Kumkamata mtu kwa kuwa hana pa kulala hukatiza matibabu yake, humweka katika mahabusu yenye msongamano, kisha humrudisha mtaani akiwa mgonjwa zaidi.

Upo utaratibu mwingine ambao umefanyiwa majaribio. Ulianza New York mwaka 1992 chini ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis, nao hujulikana kama Makazi Kwanza. Mtu hupewa nyumba bila kushurutishwa aache pombe au akamilishe matibabu kwanza, halafu huduma za tiba na ustawi humfuata hukohuko. Ufini iliufanya kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008, na idadi ya wasio na makazi kwa muda mrefu ikashuka. Kanada iliujaribu kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano ikiwa na washiriki wapatao 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walikaa kwenye makazi ya kudumu kwa muda mrefu zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Hatuna uchumi wa Ufini. Hata hivyo, halmashauri inayoweza kujenga bweni la wanafunzi inaweza pia kupanga vyumba vichache karibu na hospitali yake kwa wagonjwa wasio na pa kurudi.

Yale ambayo historia yetu imekwisha kutufundisha

Ni vyema daktari akumbuke kwamba taaluma yake haina mikono misafi katika suala hili. Watawala wa kikoloni waliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na afya ilikuwa mojawapo ya visingizio vyao. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuwatenga wakazi wa Kariakoo na wale wa katikati ya mji. Kwa hiyo diwani anayesikia neno "afya" likitumiwa kuhalalisha bomoabomoa ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na miongoni mwa kazi zake za awali ilikuwa kubomoa nyumba duni na kujenga mpya mahali palepale. Mpango huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwani fedha nyingi zilitumika na idadi ya nyumba haikuongezeka sana. Katika miaka ya 1970 serikali ilibadili njia kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni viwanja vilipimwa, barabara na mabomba ya maji yakawekwa, kisha wananchi wakaachiwa wajenge wenyewe kidogokidogo. Miongo kadhaa baadaye, wachumi waliochunguza maeneo hayo katika miji saba ya Tanzania walikuta kwamba maeneo yaliyopangwa kabla watu hawajahamia yalikuwa na nyumba bora na mpangilio bora kuliko maeneo ya kulinganishwa nayo yaliyokua bila mpango.

Somo hilo linapaswa kusomwa pamoja na takwimu za sensa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya milioni 1 katika miaka 10. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kaya mpya zipatazo 25,000 kila mwaka. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanzishwa mwaka 2002 ulikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, lakini idadi iliyoupa mradi huo jina haitoshi kwa ongezeko la mwaka mmoja. Tena sehemu kubwa ya viwanja hivyo iliangukia mikononi mwa wenye uwezo.

Funzo la mwisho linatoka bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Walikuwa salama dhidi ya maji, lakini walikuwa mbali na soko, kibarua na hospitali, na baadhi yao walirejea bondeni. Nauli ni sehemu ya gharama ya makazi. Kiwanja cha bure kinachomgharimu mtu riziki yake hakiwezi kuitwa cha gharama nafuu.

Mamlaka aliyonayo diwani

Mara nyingi diwani hujibu kwamba makazi ni suala la Wizara. Jibu hilo ni kweli kwa sehemu tu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ya mji ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa hiyo zipo hatua nne zilizo ndani ya uwezo wa baraza.

Hatua ya kwanza ni kupanga na kupima maeneo mapya kabla watu hawajafika, na kutenga viwanja vidogo ambavyo mtu wa kipato cha chini anaweza kumudu, karibu na njia za usafiri. Ya pili ni kuboresha makazi yaliyopo kwa mambo madogo, yaani mifereji, vyoo, maji, sakafu na nyavu. Ya tatu ni kutumia sheria ndogo na mapatano na wenye nyumba ili uboreshaji usiwafukuze wapangaji. Hili linahitaji uangalifu, kwa sababu mtaa ukipata lami na mfereji, kodi hupanda, na aliyekusudiwa kusaidiwa huhamia bonde jingine. Baraza linaweza, kwa mfano, kumpa mwenye nyumba unafuu wa ada ya kibali au msaada wa kujenga choo kwa makubaliano ya maandishi kwamba kodi haitapanda kwa muda fulani na itapokewa kwa mwezi. Ya nne ni kusitisha operesheni dhidi ya wanaolala nje hadi pawepo mahali pa kuwapeleka.

Namna ya kuzungumza na mwakilishi

Elimu kwa diwani au mbunge hufanikiwa zaidi inapoanzia katika kata yake. Mganga mfawidhi wa zahanati anaweza, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, kutoka katika rejesta zake idadi ya wagonjwa wa kuhara, kifua kikuu na malaria kwa kila mtaa. Jedwali la mitaa sita ya kata humgusa diwani kuliko takwimu za bara zima, kwa kuwa mitaa hiyo ndiyo iliyompigia kura.

Halafu mwalike atembee. Nyumba moja yatosha, kwa ridhaa ya wakazi wake na bila kamera. Aingie chumbani, ahesabu magodoro, aone dirisha, aende uwani. Umwachie mama mwenye nyumba au mpangaji aseme mwenyewe, na daktari aeleze tu pale anapoulizwa.

Andika ukurasa mmoja wenye ombi moja. Ombi la "kuboresha makazi" halina mahali pa kuwekwa katika bajeti. Ombi la mita kadhaa za mfereji katika mtaa fulani, au nyavu na sakafu kwa nyumba zenye wagonjwa wa kifua kikuu na watoto wadogo, lina fungu na lina gharama. Zingatia pia kalenda: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele hukusanywa kuanzia ngazi ya mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla. Anayefika na hoja yake mwezi Juni amechelewa.

Jiandae kwa pingamizi tatu. Akisema fedha hazipo, mwonyeshe gharama ya kulaza mgonjwa yuleyule mara tatu kwa mwaka. Akisema kwamba wakisaidiwa wataongezeka, mkumbushe takwimu za sensa: watu wanakuja mjini kwa ajili ya kazi, nao watakuja pawepo mpango au usiwepo. Akisema sheria hairuhusu, mwombe mwanasheria wa halmashauri aonyeshe kifungu. Mara nyingine kipo, na hapo mazungumzo yahamie kwa mbunge, ambaye kazi yake ni kutunga na kubadili sheria. Wenzetu wa Kenya walikwisha kuiandika haki ya makazi yenye staha katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010. Bado wanabishana vikali kuhusu tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara na nani anufaike nayo, lakini mabishano hayo yamo bungeni na mahakamani, mahali panapostahili.

Mwisho, rudi kwake na matokeo. Mfereji ukijengwa, hesabu tena wagonjwa wa kuhara baada ya masika mawili na umpelekee jedwali, hata kama idadi haikushuka kama mlivyotarajia. Diwani anayeletewa hesabu ya alichokifanya huwa mwalimu wa madiwani wenzake, na yeye ndiye anayeruhusiwa kusimama na kuzungumza barazani siku bajeti inapopitishwa.